Ulinganishaji wa Matabaka ya Miamba kwa Kutumia Visukuku: Mfano wa Pwani ya Mtwara na Maingilio ya Mto Ruvuma

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna wanajiolojia wanavyolinganisha matabaka ya miamba kwa kutumia visukuku, kwa kurejelea bonde la mashapo la Ruvuma na ukanda wa pwani ya kusini mwa Tanzania. Hoja kuu ni kwamba kisukuku hakitaji umri wa mwamba kwa miaka. Kinachooneshwa na kisukuku ni nafasi ya mwamba katika mfuatano wa viumbe ambao ulitokea mara moja tu katika historia ya dunia. Nafasi hiyo huaminika pale tu mchunguzi anapotofautisha mambo mawili: kutoweka kabisa kwa spishi na kuhama kwake kutoka katika eneo moja. Hoja hii inafafanuliwa kwa mifano mitatu: matabaka ya Tendaguru, tope la bahari la Kundi la Kilwa, na visima vya gesi vya Mtwara. Makala yanahitimisha kuwa ulinganishaji wa miamba ya pande mbili za Mto Ruvuma unapaswa kujengwa juu ya matukio ya visukuku, si juu ya majina ya fomesheni.

Maneno makuu: visukuku, matabaka, foraminifera, kanda, Ruvuma, Mtwara

1.0 Utangulizi

Sehemu kubwa ya ardhi ya Mtwara na Mikindani imefunikwa na mchanga wenye wekundu uliochanganyika na kokoto. Mtaalamu wa madini kutoka Ujerumani, Wilhelm Bornhardt, aliyezunguka Afrika Mashariki kati ya mwaka 1895 na 1897, aliyaita mashapo hayo Matabaka ya Mikindani katika kitabu chake cha mwaka 1900. Katika kitabu hichohicho aliyaita Matabaka ya Makonde yale ya mchanga yanayojenga uwanda wa juu wa Wamakonde. Kwa jicho la kawaida, mchanga wa Mikindani na ule wa Makonde unaweza kudhaniwa kuwa mmoja: yote miwili ni mashapo ya nchi kavu yaliyoletwa na mito, na yote ina rangi zinazokaribiana. Hata hivyo, ule wa Makonde ni wa kipindi cha Kretasia, ilhali ule wa Mikindani ni wa Miosini na Pliosini. Tofauti ya umri kati yake inakaribia miaka milioni 100.

Swali linalojitokeza ni hili: tofauti hiyo inajulikanaje, ikiwa mchanga wenyewe hauna karibu kisukuku chochote? Jibu ni kwamba umri wa mchanga huo haukusomwa ndani ya mchanga. Ulisomwa katika matabaka ya bahari yaliyo chini yake, juu yake na kando yake, ambayo yamejaa mabaki ya viumbe. Mchanga ulio bubu hupata umri kutoka kwa jirani anayesema.

Suala hili si la nadharia pekee. Tangu gesi asilia ilipogunduliwa katika Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na hasa baada ya ugunduzi wa kina kirefu cha bahari kuanza mwaka 2010 katika maji ya Tanzania na Msumbiji, uamuzi kuhusu tabaka lipi ni lipi umebeba uzito wa kiuchumi. Tabaka moja la mchanga wenye gesi likihesabiwa kuwa mawili, au mawili yakihesabiwa kuwa moja, makadirio yote yanayofuata huharibika. Kwa kuwa katika Mtwara yenyewe matabaka ya bahari kwa sehemu kubwa yamezikwa chini ya mchanga wa Mikindani, makala haya yanaanza na misingi ya mbinu, yanakwenda Lindi na Kilwa ambako matabaka hayo yanaonekana au yamechorongwa kwa ajili ya utafiti, kisha yanarudi katika visima vya Mtwara na mpaka wa Ruvuma.

2.0 Misingi ya Mbinu

Msingi wa kwanza ni wa mpandano: katika mashapo ambayo hayajapinduliwa, tabaka la chini lilitangulia tabaka la juu. Kanuni hii, iliyoelezwa na Nicolas Steno mwaka 1669, inatosha kupanga matabaka ya genge moja au kisima kimoja. Haitoshi kulinganisha genge la Lindi na kisima cha Msimbati, kwa kuwa hakuna anayeweza kulifuata tabaka moja kwa mguu kutoka sehemu ya kwanza hadi ya pili.

Msingi wa pili ndio unaounganisha maeneo yaliyoachana. Mpima ardhi wa Uingereza William Smith, aliyefanya kazi katika machimbo na mifereji, aligundua kuwa matabaka yanayofanana kwa sura yanaweza kutofautishwa kwa visukuku vyake, na kwamba mpangilio wa visukuku hivyo haubadiliki kutoka wilaya moja hadi nyingine. Ramani yake ya jiolojia ilitoka mwaka 1815. Katika miaka hiyohiyo, Georges Cuvier na Alexandre Brongniart walifikia matokeo yanayokaribiana katika miamba ya bonde la Paris. Mjerumani Albert Oppel, katika kazi aliyoichapisha kati ya mwaka 1856 na 1858, alikwenda mbele zaidi. Aliitenganisha kanda ya visukuku na aina ya mwamba: kanda ni kipande cha wakati kinachotambulika kwa mkusanyiko wa spishi, iwe mwamba ni chokaa, mfinyanzi au mchanga.

Sababu ya mbinu hii kufanya kazi ilikuja kueleweka baadaye kupitia nadharia ya mageuko ya viumbe. Spishi huibuka, huenea na hutoweka, na ikishatoweka hairudi. Mchanga mwekundu unaweza kutuama leo kama ulivyotuama wakati wa Kretasia, lakini amonaiti haonekani tena baharini. Aina za miamba hujirudia. Mfuatano wa viumbe haujirudii.

Watafiti wa mambo ya kale wa pwani hii hutumia mantiki inayokaribiana nayo. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani, kipande cha kaure ya Kichina kilichotengenezwa katika karne inayojulikana humwezesha mchimbaji kulinganisha tabaka la shimo moja na la shimo jingine. Mchimbaji huyo hujua pia tahadhari inayoambatana na ushahidi huo: sahani inaweza kurithiwa kwa vizazi kabla ya kuvunjika, au kigae cha kale kinaweza kufukuliwa na kuchanganyika na taka mpya. Kwa hiyo tabaka haliwezi kuwa la kale kuliko kigae kichanga zaidi kilichomo ndani yake, lakini linaweza kuwa changa kuliko vigae vyake vingi. Tahadhari hiyohiyo inatawala matumizi ya visukuku.

Kisukuku kinachofaa kwa kazi hii huitwa kisukuku elekezi. Spishi yake iwe iliishi kwa muda mfupi wa kijiolojia, ilienea mbali, iliacha mabaki mengi, na iwe inatambulika bila ubishi. Katika matumizi ya sasa, kinachotazamwa si uwepo wa spishi peke yake, bali matukio mawili katika maisha yake: kuonekana kwa mara ya kwanza na kuonekana kwa mara ya mwisho. Kanda nyingi zinazotumika leo zimefungwa kati ya matukio ya aina hiyo.

3.0 Umri na Mazingira: Funzo la Ghuba ya Mnazi

Kikwazo kikubwa cha mbinu hii kinaweza kuonekana leo bila kuchimba. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, inakusanya katika eneo moja mazingira yanayotofautiana sana. Ruvuma unashusha mchanga na tope. Mikoko inashika tope hilo penye maji yanayochanganyika chumvi. Ndani ya ghuba kuna majani ya bahari, na upande wa bahari kuu kuna matumbawe. Mbele ya matumbawe sakafu ya bahari inashuka haraka kuelekea kina kirefu, ambako tope laini linatua polepole pamoja na magamba ya viumbe wadogo wanaoelea karibu na uso wa maji.

Mashapo yote hayo yanatuama kwa wakati mmoja. Yakigeuka kuwa mwamba, patakuwa na mchanga usio na visukuku, mfinyanzi mweusi wenye mizizi na chavua, chokaa ya matumbawe, na tope la bahari kuu lenye foraminifera wengi. Mchunguzi wa baadaye atakayelinganisha kwa sura ya mwamba atasema kuna nyakati nne. Atakayelinganisha kwa visukuku bila uangalifu naye anaweza kukosea, kwani viumbe wa mikoko si viumbe wa matumbawe, na wa matumbawe si wa bahari wazi. Orodha mbili zinazotofautiana hazithibitishi kuwa matabaka mawili yana umri tofauti. Huenda zinathibitisha tu kuwa kina cha maji kilitofautiana.

Hapa ndipo tofauti kati ya kutoweka na kuhama inapokuwa ya lazima. Ikiwa bahari ilipungua kina na foraminifera wanaoelea wakakoma kuonekana katika tabaka fulani, kukoma huko ni habari ya mahali. Ikiwa spishi ilikufa katika bahari zote, kukoma kwake ni habari ya wakati. Ndani ya kisima kimoja matukio haya mawili yanafanana kabisa. Yanatofautishwa kwa kulinganisha visima vingi, kwa kutazama ikiwa spishi nyingine za mazingira yaleyale zimeendelea kuwepo juu ya tukio, na kwa kuangalia ikiwa matukio kadhaa yanafuatana kwa mpangilio uleule kila mahali.

4.0 Tendaguru: Kisukuku Mashuhuri na Kisukuku Kinachofaa

Kilima cha Tendaguru, takriban kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, kinajulikana duniani kwa mifupa ya dinosaria. Msafara wa Ujerumani wa mwaka 1909 hadi 1913, ulioongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig na kutegemea kazi ya mamia ya vibarua wa Kiafrika, ulipeleka Berlin zaidi ya tani 200 za visukuku. Kiunzi cha Giraffatitan brancai kilichosimamishwa katika makumbusho ya Berlin ndicho kivutio kikuu cha ugunduzi huo.

Pamoja na umaarufu wake, dinosaria hakufaa sana katika kuweka umri wa Tendaguru. Mifupa ya wanyama wakubwa wa nchi kavu ni michache na mara nyingi imetawanyika, na spishi nyingi za Tendaguru hazipatikani kwingineko. Kazi ya kuweka umri ilifanywa na viumbe wasiovutia wageni wa makumbusho: amonaiti, konokono wa bahari, na kombe wenye magamba mawili wa jamii ya Trigonia. Hili liliwezekana kwa sababu matabaka yenye dinosaria yanapishana na matabaka ya bahari. Kila bahari ilipoingia iliacha viumbe wanaoweza kulinganishwa na wa maeneo mengine. Kila ilipoondoka dinosaria walirudi ufukweni. Kwa njia hiyo imebainika kuwa sehemu kubwa ya mifupa ni ya mwisho wa Jurasiki, na kwamba matabaka ya juu kabisa, yenye kombe aitwaye kwa heshima ya Bornhardt, Rutitrigonia bornhardti, yameingia katika Kretasia.

Tendaguru inatoa pia funzo la pili, ambalo ni la majina. Kwa muda mrefu mojawapo ya matabaka yake ya bahari liliitwa tabaka la Trigonia smeei, jina la kombe aliyeelezwa kwanza kutoka Kutch, magharibi mwa India. Jina hilo lilidokeza uhusiano wa moja kwa moja kati ya pwani mbili za Bahari ya Hindi. Uchunguzi mpya wa magamba hayo, uliochapishwa na Martin Aberhan na wenzake mwaka 2002, uliwatenga kombe wa Tendaguru kuwa spishi nyingine, Indotrigonia africana, na tabaka likabadilishwa jina. Undugu wa viumbe wa India na Afrika Mashariki haukufutika, lakini hoja ya kwamba spishi ileile ilizikwa pande zote mbili ilidhoofika. Ulinganishaji wa matabaka hauwezi kuwa imara kuliko utambuzi wa spishi ulioujenga.

5.0 Kundi la Kilwa: Kalenda ndani ya Tope

Kutoka Kilwa hadi Lindi, chini ya udongo wa juu, kuna mfinyanzi mzito uliotuama katika bahari yenye kina cha mamia ya mita, kuanzia Kretasia ya mwisho hadi Oligosini ya mwanzo. Nicholas na wenzake (2006) waliuweka katika Kundi la Kilwa lenye fomesheni nne: Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Kwa sura fomesheni hizi zinakaribiana mno, na mtu anayeshika donge la mfinyanzi mkononi hana njia ya kujua kama ni la Paleosini au la Eosini.

Ndani ya donge hilo kuna foraminifera, viumbe wa seli moja wanaojenga gamba la chokaa ambalo kwa kawaida halifikii milimita moja. Utaratibu wa kuwapata ni rahisi kueleza ingawa unahitaji subira: mfinyanzi hulowekwa hadi usambaratike, huchujwa kwa maji katika chekeche lenye matundu ya sehemu 63 za elfu ya milimita, mabaki hukaushwa, kisha magamba huchambuliwa moja moja chini ya hadubini kwa ncha ya brashi iliyolowanishwa. Mfinyanzi wa Kilwa hauruhusu maji kupenya kwa urahisi, hivyo magamba mengi hayakugeuzwa na madini mapya. Bado yanang'aa kama kioo. Ubora huo ndio uliowezesha Paul Pearson na wenzake, mwaka 2001, kuyatumia magamba ya Tanzania kuonesha kuwa bahari za tropiki za Kretasia ya mwisho na Eosini zilikuwa na joto kubwa kuliko ilivyodhaniwa.

Umuhimu wa eneo hili katika ulinganishaji ulitangulia uchorongaji wa kisasa. Mwaka 1962 Walter Blow na Fred Banner walieleza foraminifera wanaoelea kutoka Lindi, wakiwemo waliowapa jina la tapuriensis. Mwaka 1969 Blow aliitumia spishi hiyo kuipa jina mojawapo ya kanda za mwanzo wa Oligosini katika mfumo wake wa kanda zilizokusudiwa kutumika katika bahari zote za joto. Mwamba wa Lindi, kwa maneno mengine, ulitoa kipimo kilichotumika kupimia miamba ya kwingine.

Mpaka kati ya Eosini na Oligosini unaonesha mbinu hii katika ukamilifu wake. Kimataifa, mpaka huo umewekwa rasmi tangu mwaka 1992 katika genge la Massignano, karibu na Ancona nchini Italia, mahali anapokoma Hantkenina. Huyu ni foraminifera ambaye vyumba vya gamba lake vina miiba mirefu, na ambaye hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kumfananisha na mwingine. Massignano ina pia matabaka yenye madini ya volkano ambayo yanaweza kupimwa umri kwa mionzi, na usumaku wa mwamba wake umesomwa. Kutokana na vipimo vya aina hiyo, mpaka unakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 33.9.

Katika mradi wa uchorongaji uliofanywa kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) kuanzia mwaka 2002, visima vya utafiti namba 12 na 17 vilivyochorongwa Stakishari, katika eneo la Pande kusini mwa Kilwa Masoko, vilipita katika mpaka huo. Nguzo za mwamba zilizotolewa zilionesha mfuatano unaoeleweka: kwanza kundi la Turborotalia cerroazulensis linakoma, baada ya muda mfupi wa kijiolojia spishi zilizosalia za ukoo wa Hantkenina zinakoma kwa pamoja, foraminifera wengine wanaoelea wanaendelea juu ya hapo. Kuendelea huko ndiko kunakothibitisha kuwa bahari haikukauka wala kupungua kina ghafla. Waliokoma walikufa, hawakuhama.

Ni muhimu kutazama kilichofanyika katika hoja hiyo. Mfinyanzi wa Stakishari haukupimwa miaka. Miaka ilitoka Italia, katika madini ya volkano. Hantkenina ndiye aliyeivusha hadi Tanzania. Bila vipimo vya mionzi kungekuwa na mpangilio usio na tarakimu. Bila kisukuku tarakimu ingebaki Massignano.

Visima hivyo vilitoa pia kitu kisichopatikana katika magenge mengi. Ndani ya mfinyanzi wa kina kirefu kulikuwa na tabaka nyembamba zenye foraminifera wakubwa wa sakafu ya maji mafupi, walioporomoshwa kutoka kwenye ukingo wa pwani. Laura Cotton na Paul Pearson walionesha mwaka 2011 kuwa jamii ya Discocyclina, ambayo ni kielekezi muhimu katika chokaa za Eosini, ilitoweka karibu sana na mpaka uleule unaowekwa na viumbe wanaoelea. Hii ina maana kwamba kalenda ya maji mafupi na kalenda ya bahari kuu, ambazo kwa kawaida husomwa katika miamba tofauti na watafiti tofauti, zimefungwa pamoja katika nguzo moja ya mwamba. Kwa pwani yenye delta kama ya Ruvuma, ambako mazingira hubadilika ndani ya kilomita chache, fundo hilo lina thamani ya pekee.

6.0 Kisima cha Gesi: Kusoma kutoka Juu kwenda Chini

Mtafiti anayechoronga kwa ajili ya sayansi hupata nguzo kamili ya mwamba. Katika kisima cha gesi hali si hiyo. Patasi husaga mwamba, na tope linalozungushwa kisimani hupandisha chengachenga zake hadi juu, ambako hukusanywa kwa vipindi na kuandikwa kina kinachokadiriwa. Wakati chengachenga za kina kirefu zinapanda, vipande vya kuta za juu vinaweza kuporomoka na kuchanganyika nazo. Matokeo yake ni kwamba kisukuku kichanga kinaweza kuonekana katika sampuli ya kina ambacho hakikuwahi kuwemo.

Kwa sababu hiyo mtaalamu wa visukuku visimani hutegemea zaidi kuonekana kwa mwisho kuliko kuonekana kwa kwanza. Patasi husafiri kutoka wakati wa karibu kwenda wakati wa kale. Spishi inapojitokeza kwa mara ya kwanza katika sampuli, hapo ndipo palipo mwisho wa maisha yake, na hakuna kilichoporomoka kutoka juu kinachoweza kuleta spishi ambayo juu haikuwepo. Mwanzo wa spishi, kinyume chake, hufichwa na maporomoko: mabaki yake huendelea kuonekana chini hata baada ya patasi kupita tabaka lake la kwanza.

Tatizo la upande wa pili ni la visukuku vilivyofukuliwa. Mto unaokata miamba ya Kretasia huweza kubeba magamba ya Kretasia na kuyazika tena katika mashapo ya Miosini. Katika bonde la Ruvuma, ambako mito ilirarua miamba ya kale na kuishusha baharini kwa mamilioni ya miaka, hatari hii haiwezi kupuuzwa. Dalili zake ni gamba lililosagika au kubadilika rangi, idadi ndogo, na spishi za nyakati zisizopatana ndani ya sampuli moja. Kanuni ya kigae cha Kilwa inatumika hapa: umri wa tabaka huamuliwa na kichanga zaidi miongoni mwa visukuku visivyoporomoka, si na kikongwe zaidi.

Mfano wa kufikirika unaweza kuonesha uzito wa jambo hili. Visima viwili, A na B, vimekuta mchanga wenye gesi wa unene unaokaribiana. Katika kisima A mchanga uko mita 40 juu ya mahali Hantkenina anapojitokeza kwa mara ya kwanza. Katika kisima B uko mita 60 chini ya tukio hilohilo. Vipimo vya umeme na vya mawimbi ya mtetemo vinaweza kuonesha sura zinazofanana, lakini mchanga wa kwanza ni wa Oligosini au baada yake, na wa pili ni wa Eosini. Hauwezi kuwa hifadhi moja ya gesi, hata kama kwenye karatasi mstari mmoja unaweza kuchorwa kuuunganisha.

Mazingira ya Mtwara yanaufanya mfano huu kuwa karibu na hali halisi. Gesi ya Ghuba ya Mnazi imo katika mchanga wa Oligosini na Miosini. Katika Kitalu namba 1, baharini mbele ya Mtwara, ugunduzi wa Jodari na wa Mzia ulifanyika mwaka uleule wa 2012. Ule wa Jodari umo katika mashapo ya Kainozoiki na ule wa Mzia katika Kretasia. Yote ni mchanga ulioshuka kutoka nchi kavu kwenda kina kirefu. Kinachoutenganisha mchanga mmoja na mwingine kwa uhakika ni tope lililo juu na chini yake, na walioishi wakati tope hilo linatua.

7.0 Mto Mmoja, Majina Mawili

Ruvuma ni mpaka wa nchi. Si mpaka wa bonde la mashapo. Bahari iliyotuamisha Kundi la Kilwa iliendelea kusini, na gesi iliyogunduliwa Windjammer mwaka 2010 upande wa Msumbiji ni ya mfumo uleule wa kijiolojia kwa maana pana. Pamoja na hayo, miamba ya pande mbili imeelezwa na vikundi tofauti, kwa lugha tofauti na kwa majina tofauti. Key na wenzake (2008), walioupitia upya mpangilio wa miamba ya nchi kavu kaskazini mwa Msumbiji, wanazungumzia Fomesheni ya Mifume kwa mashapo ya Kretasia ya bahari na Alto Jingone kwa yale ya Paleojeni, wakati Tanzania inatumia Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande.

Tofauti ya majina si kosa. Fomesheni ni jina la mwamba unaoweza kuchorwa katika ramani, na kila ramani ina haki ya majina yake. Kosa hutokea katika hali mbili. Ya kwanza ni kudhani kuwa majina mawili ni lazima yawe na maana ya miamba miwili. Ya pili, ambayo ni ngumu zaidi kuigundua, ni kudhani kuwa jina moja lina maana ya wakati mmoja. Majina ya Makonde na Mikindani yamevuka mto na yanatumika pande zote mbili. Lakini mchanga wa mito husogea kadiri mito inavyohama na ufuko unavyosonga mbele au kurudi nyuma. Hakuna sababu ya msingi ya kutarajia kuwa mchanga wa Mikindani ulianza kutuama kwa wakati mmoja huko Mtwara na huko Cabo Delgado. Inawezekana ulifika mapema mahali pamoja na kuchelewa pengine, ilhali sura yake ikabaki ileile.

Kinachoweza kuvuka mto bila kubadilika maana ni tukio la kisukuku. Kuonekana kwa mwisho kwa Hantkenina kuna maana moja Stakishari, Lindi, Ghuba ya Mnazi na Palma. Vivyo hivyo kwa nanoplanktoni wa chokaa, ambao ni wadogo zaidi na hupatikana hata katika chengachenga chache, na kwa chavua, ambayo inafika katika mashapo ya delta ambako foraminifera wa bahari wazi hawafiki. Aina tatu za ushahidi zikikubaliana, mstari unaochorwa kutoka kisima kimoja hadi kingine unakuwa na msingi. Zisipokubaliana, kutokubaliana huko ni taarifa inayodai maelezo, aghalabu kuhusu mazingira au mabaki yaliyofukuliwa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa nguvu ya kisukuku katika kulinganisha matabaka inatokana na mfuatano wa viumbe usiojirudia, na kwamba nguvu hiyo ina masharti. Funzo la Ghuba ya Mnazi ni kwamba mazingira yanaweza kujifanya kuwa wakati. Tendaguru imeonesha kuwa kisukuku mashuhuri si lazima kiwe kinachofaa, na kwamba spishi iliyotambuliwa vibaya huvuta kosa hadi bara jingine. Stakishari imeonesha namna tarakimu ya miaka inavyosafirishwa na kiumbe mdogo kutoka Italia hadi Kilwa. Visima vya gesi vimeonesha kwa nini kifo cha spishi ni ushahidi bora kuliko kuzaliwa kwake.

Yapo mambo mawili yanayofuata kutokana na hoja hizo. Kwanza, mpangilio wa pamoja wa miamba ya bonde la Ruvuma unapaswa kuwa na safu ya matukio ya visukuku katikati, na majina ya fomesheni ya kila nchi yawekwe pembeni yake kama tafsiri. Mpangilio unaoanza na majina utarithi makosa ya ramani mbili. Pili, kwa kuwa ulinganishaji unategemea utambuzi wa spishi, nguzo za mwamba, chengachenga na magamba yaliyochambuliwa vinahitaji kutunzwa na kufikiwa na watafiti, pamoja na picha zake. Orodha ya majina pekee haiwezi kukaguliwa upya. Tabaka la Trigonia smeei lilirekebishwa baada ya takriban miaka 90 kwa sababu magamba yenyewe yalikuwa bado yapo kabatini.